Akka Nagaveni: Miaka Thelathini na Minne ya Kuwavika Waliokufa

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Bi. Nagaveni Kulageri, mkuu wa karakana ya mavazi ya Jumba la Maigizo la Malaprabha hapa Dharwad, anastaafu baada ya kulitumikia jumba hili kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa msichana mwenye sindano mbili na ulimi mkali. Anatoka na ulimi uleule. Sindano hawezi tena kuitunga uzi, kwa kuwa presha ya macho imelimaliza jicho la kushoto na sasa inalibishia hodi la kulia.

Sote humwita Akka, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Mimi ni msimamizi wa jukwaa, na uongozi umeniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la hafla. Nilipomuuliza angependa niseme nini, alijibu bila kuinua kichwa.

"Andika yote, Kalmesh. Usinipambe. Wa kupamba watu hapa nilikuwa mimi."

"Na habari ya Renavva?"

"Hiyo ndiyo uianze."

Sitaianza hiyo, maana wasifu nao una adabu zake. Lakini nitaiandika.

Akka alizaliwa Guledgudda, mji wa wafumaji, na baba yake alikuwa mfumaji. Alisoma historia, akaja kwetu kushona vifungo vilivyokatika. Siku hizo wafalme wetu wa karne ya kumi na mbili walipanda jukwaani wamevaa nailoni inayong'aa kama wapiga tarumbeta wa harusini. Akka aliuvumilia msimu mmoja. Wa pili, mfalme alipotokea kwenye mazoezi na shati lenye vifungo vya shaba, alimsimamisha katikati ya hotuba. "Ewe mtukufu," alimwambia, "hilo shati umelitoa duka gani? Likizo ikifika na mimi niende."

Tangu hapo kila likizo yake iliishia kwenye mahekalu ya kale ya wilaya hizi. Alibeba mkate wa mtama na penseli, akichora namna kila sanamu ilivyofunga nguo. Alijifunza mikunjo ya shuka za wanaume, namna mkia wa shuka unavyopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma, akawafundisha waigizaji wetu mmoja mmoja. Mwigizaji wetu mnene kuliko wote, aliyekuwa akiigiza waziri, hakusikiliza somo. Kule Belagavi shuka ilimwacha mbele ya ukumbi uliojaa. Watazamaji walishangilia kuliko walivyowahi kushangilia mashairi yake. Kuanzia siku ile Akka alisimama pembeni mwa jukwaa na kuvuta fundo la kila mwanamume kabla hajatoka, waziri na askari sawasawa, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Rangi alizipika mwenyewe: manjano, maganda ya komamanga, mizizi myekundu. Mwaka ambao sufuria yake ilitoboka aliazima ya kantini, na kwa muda mrefu wali wetu ulikuwa wa waridi. Mara nyingine aling'oa kwa mkono wake shada la pilipili lililotundikwa kwenye jiko la jukwaani, akimfokea fundi wa mandhari kwamba pilipili ilikuwa bado haijafika nchi hii na isingefika kwa karne kadhaa. "Watu wako wanapikia kitu ambacho hakijavuka bahari!" Jina la jumba likakua. Wanafunzi walitoka Mysuru kuja kutazama mikunjo yetu. Tuliitwa watu wasiodanganya.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Mwongozaji wetu wa wakati huo, marehemu Gurunath Inamdar, aliandaa mchezo juu ya mcheza ngoma wa hekalu wa enzi za wafalme wa Chalukya. Mcheza ngoma huyo akapewa Renavva Hadapad, msichana wa Gadag. Nimesimamia waigizaji wengi, na sijaona mwingine aliyeweza kunyamaza jukwaani na ukumbi mzima ukaegemea mbele kumsikiliza. Bibi yake mzaa mama alikuwa amewekwa wakfu hekaluni akiwa mtoto. Maana yake katika miaka ya karibuni kila mtu hapa anaijua: mtoto huolewa na mungu, kisha hutumiwa na wanaume. Renavva hakuificha habari hiyo, wala hakuitembeza.

Akka alimshonea vazi kutokana na sanamu moja aliyoipenda kuliko zote. Kiunoni nguo iliyokunjwa vizuri ajabu. Kifuani mikufu tu, juu ya kitambaa chembamba cha rangi ya ngozi kilichobana hivi kwamba kuanzia safu ya pili huwezi kukiona. Renavva aliishika nguo ile muda mrefu.

"Akka, juu hapana kitu?"

"Juu kuna mikufu. Ndivyo walivyovaa."

"Nipe mtandio basi. Hata mwembamba."

"Nikikupa mtandio, nitakuwa nimemvika mcheza ngoma huyo aibu ambayo hakuwa nayo," Akka alisema. "Wao hawakuona haya. Haya tumeletewa baadaye."

"Yeye sijui. Mimi ninayo." Renavva alikuwa anaongea polepole. "Bibi yangu amekufa akijifunika shali mpaka jikoni, Akka. Hata joto la mwezi wa tano. Watu walikuwa wamemtazama vya kutosha. Mama atakuja kuniona siku ya kwanza. Unataka anione hivi?"

"Mwanangu, jiwe halisemi uongo."

Inamdar aliyekuwa mlangoni alimalizia kwamba kama nguo haimfai, wako wasichana wengine itakaowafaa. Renavva aliifikiria nafasi ile, ambayo alikuwa ameitafuta tangu alipopanda basi la kwanza kutoka kwao, akaichukua nguo na kwenda kuivaa.

Siku ya ufunguzi mama yake aliketi safu ya pili, akiwa na sari mpya ya kijani. Renavva alipoingia kwenye mwanga, mama alisimama. Alijivutia ncha ya sari kichwani mpaka ikafunika uso, akapita mbele ya magoti ya watu, akatoka. Nilimwona kutoka pembeni, na Renavva naye alimwona, kwa sababu mkono wake ulibaki hewani kipigo kizima cha ngoma. Kisha alicheza mpaka mwisho. Alicheza vizuri. Hilo ndilo mimi binafsi siwezi kulisahau.

Baada ya pazia aliiweka nguo mezani kwa Akka ikiwa imekunjwa mikunjo yake yote sawasawa. "Nguo yako iko salama, Akka," alisema. Hakurudi tena. Magazeti yalisifu uaminifu wa mavazi. Tulipewa ngao Bengaluru, na bado ipo ofisini, juu ya kabati la faili.

Akka alikasirika kwa muda. Alisema wasanii wa siku hizi ni mayai. Mwaka wa pili alipita tena kwenye lile hekalu, safari hii akitafuta namna ya kufunga vilemba, na mvua ikamkuta. Ilikuwa mvua ya upepo, inayopiga ukuta kwa ubavu. Akajibanza barazani, mbele ya sanamu yake. Jiwe lilipolowa likawa jeusi, na juu ya jeusi lile akaona mstari mwembamba umepita kwenye mkono, juu kidogo ya kiwiko. Akasogea. Mstari wa pili ulipita chini ya shingo. Zilikuwa kingo za nguo. Mchongaji alikuwa amechonga kitambaa chepesi mno hata mwili ukaonekana kupita ndani yake, akaacha pindo tu kuwa ushahidi. Sanamu nyingine huenda zasema vingine. Akka mwenyewe husema hivyo. Lakini ile moja, aliyomshindia nayo Renavva, alikuwa ameitazama miaka yote ikiwa kavu.

Alirudi Dharwad ameloa chapachapa, akaja moja kwa moja nilipokuwa nafunga kamba.

"Kalmesh," alisema, "alikuwa amevaa."

Wiki hiyohiyo alikwenda Gadag, nami nikamsindikiza kwa sababu aliniomba. Renavva alikuwa anauza bangili sokoni. Alitutolea viti, akaagiza chai, akaendelea kumvisha mteja bangili za kioo, akizipitisha kwenye vifundo vya vidole taratibu zisivunjike. Mteja alipoondoka Akka aliueleza mstari wote, kwa kidole, juu ya mkono wake mwenyewe. Alisema amekosea na amekuja kuomba radhi.

Renavva alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kama ule mstari usingekuwepo?" aliuliza. "Ungekuja?"

Kidole cha Akka kilikuwa bado juu ya mkono wake.

"Nilikwambia kwa mdomo wangu. Nilikutajia bibi yangu. Hukuniamini. Jiwe limekwambia, umepanda basi."

"Mama yako..." Akka alianza.

"Mama alifariki mwaka jana. Hakunisema hata neno moja kwa habari ile. Ni heri angenipiga." Akasogeza vikombe. "Kunyweni chai, itapoa."

Tulikunywa. Njiani kurudi, tulipoyaona mataa ya mjini, Akka alisema tu kwamba msichana yule alikuwa amemuuliza swali la haki.

Sidhani kama Akka aliwahi kulipatia jibu. Lakini kazi yake ilibadilika, na huo ndio upande wa utumishi wake usiotajwa kwenye ngao. Hakuacha kupima wala kuchora. Kosa la mkunjo mmoja lilimkosesha usingizi vilevile. Ila sasa, kabla ya kukata kitambaa, aliwatafuta watu ambao mababu zao ndio tunaotaka kuwaigiza, akaketi sakafuni kwao na kuuliza. Tulipoandaa mchezo wa wachungaji wa kondoo, mzee wao mmoja alimweleza kwamba blanketi jeusi la sufu ni kitu cha ibada, halikanyagwi. Sisi tulikuwa na onyesho zima la vita juu ya blanketi hilo. Akka aliliondoa, na Inamdar akapiga meza mpaka wino ukamwagika.

"Wewe mama ni fundi wa nguo au kasisi?"

"Mimi ni mgeni kwa watu, bwana. Mgeni huvua viatu."

Kuna wakati watu wa jamii moja walimkatalia kabisa. Walisema vazi la bibi zao halitapanda jukwaani, basi. Akka alirudi mikono mitupu, na mchezo uliokuwa umetangazwa mji mzima ukafutwa. Uongozi haukumsamehe. Kila aliponyimwa msaidizi baada ya hapo, sababu haikuandikwa mahali, lakini tuliijua.

Renavva tulimwalika kwenye hafla hii. Nilikwenda mwenyewe. Alinipokea vizuri, akaniulizia macho ya Akka, akasema siku hiyo ni ya soko na hataweza. Nilimweleza Akka hivyo hivyo, bila kutia chumvi. Aliitikia kwa kichwa, akasema bangili huuzika sana msimu wa harusi.

Wenzangu, hakuna atakayeshika nafasi yake. Tumeambiwa kuanzia mwezi wa nne mavazi yatakodiwa kwa mfanyabiashara wa Hubballi, na karakana itawekwa viti vilivyovunjika. Nimeyaona mavazi hayo. Ni nailoni.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mchezo mdogo, ukumbi nusu mtupu. Akimpima nguo mwigizaji mpya, alipapasa pindo kwa vidole kwa kuwa macho hayakumtosha, akamuuliza kama iko sawa. Msichana akasema iko sawa, Akka. Akka hakuliachia jibu hilo. "Nimekuuliza wewe, sikuiuliza adabu yako." Msichana akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa bega lifunikwe. Akka alikaa chini, akafumua mshono ambao ulimchukua siku nzima kuushona kwa jicho moja, akaanza upya. Nilimwambia muda unatubana. Aliniambia nicheleweshe pazia.

Nililichelewesha.

Akka, tunakushukuru kwa kila fundo ulilolivuta na kila mshono uliokubali kuufumua. Huko Guledgudda kwa mdogo wako unakokwenda, tunakuombea mwanga usikuishie wote, mikono ibaki na kitambaa cha kushika, na mtu wa kukusomea jarida hili awe na subira, kwa maana utamkatiza. Nenda salama, dada yetu. Maisha yaliyobaki na yakutendee kwa upole.

Kalmesh Neeralagi
Msimamizi wa Jukwaa