Évariste Challandre, Aliyetuchora na Viraka Vyetu

Ndugu, majirani, baba padri, nanyi waheshimiwa mliotoka Paris na viatu visivyolijua tope letu: mimi ni Théodule, mpwa wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake kabla hatujamteremsha kaburini. Wengi mmeona kwamba mjane wetu, Bibi Sidonie, amesimama hapa na aproni ya shambani yenye kiraka cha bluu. Minong'ono nimeisikia tangu mlangoni mwa kanisa. Vumilieni kidogo, mtaelewa.

Évariste Challandre alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1823 hapa hapa Saint-Aubrin, katika nchi ya Berry, nyumba ya pili baada ya kisima. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mkulima Mathurin Challandre na mkewe Gertrude. Ulikuwa msimu wa kuchimba viazi, na Bibi Gertrude alikuwa akisimulia kila mwaka, bila kuombwa, kwamba alirudi shambani kabla kitovu cha mtoto hakijakauka.

Alisoma kwa padri wetu wa zamani, aliyemfundisha kuandika, hesabu, na Kilatini kidogo ambacho hakikumganda. Siku moja alichukua mkaa jikoni akamchora ng'ombe wa baba yake kwenye mlango wa ghala. Baba yake akamchapa, na kesho yake akawaita majirani waje kuutazama mlango. Mwaka 1841 alikwenda Bourges kwa fundi wa kuchora mabango ya maduka, na mwaka 1845 akapelekwa Paris kusomea uchoraji. Huko walikuwa wakichora miungu ya kale na mashujaa walio uchi. Mwalimu wake alisimama mbele ya mungu wa kike aliyechorwa na marehemu, akaitazama ile mikono mipana, akauliza, "Challandre, huyu amekamua ng'ombe?"

"Ndiyo, mwalimu. Asubuhi na mapema."

Darasa zima lilicheka. Yeye alisema baadaye kwamba hakuwa akifanya mzaha.

Alirudi nyumbani mwaka 1849. Wenzake wa Paris walimwona kama mtu aliyejizika mwenyewe. Jumapili moja baada ya misa alitangaza kwamba anataka kuwachora watu wakichimba viazi, na kwamba picha itapelekwa Paris. Jumatatu walikuja kweli. Walikuja wameoga, wamevaa viatu vya ngozi, wanawake na vilemba vyeupe vilivyonyooka kwa wanga, wamesimama katikati ya matuta. Mbele yao alikuwa Gaspard, baba yake mdogo, mashavu yakimeremeta kwa wembe.

"Mnakwenda harusini?" marehemu akauliza.

"Tunakwenda Paris!" akajibu Gaspard. "Si umesema wewe mwenyewe? Au ulitaka tuingie Paris tunanuka zizi?"

"Nawataka kama mlivyo, baba mdogo."

"Na huyu aliyesimama mbele yako ni nani, mwanangu? Nimenyoa ndevu bure!"

Wakaondoka wamenuna, na kwa muda mrefu salamu zao zilikuwa za kukunja uso. Alibaki binti mmoja tu, Sidonie Rabot, aliyekuja na aproni yake ya kila siku kwa sababu alikuwa na viazi vya kuchimba kwelikweli. Marehemu akamchora ameinama. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 9 Februari 1852, wakajaliwa watoto wawili, Firmin na Aurélie.

Picha ile, Mchimba Viazi, ilitundikwa katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1855. Ilikuwa kubwa kama picha za wafalme. Kuna magazeti yaliyoandika kwamba ni utovu wa adabu kuleta tope ukumbini, na kuna watu waliovua kofia mbele yake. Sisi huku hatukujua lolote, mpaka mke wa msagaji wetu aliporudi safarini na kupaza sauti hapo nje ya kanisa: "Sidonie! Nimeuona mgongo wako Paris! Na kile kiraka chako cha bluu!"

Nyumbani hapakukalika.

"Mwanamume wewe! Wake wa wenzako wanachorwa na lulu, mimi umenianika na kiraka!"

"Sijachora kitu kizuri kuliko kile, Sidonie."

"Kizuri kwako. Wewe ulikuwa umesimama."

Akamwambia kwamba ile aproni ameichoma, na kwamba hatamruhusu kumchora tena, hata sikio, mpaka amchore kwa nguo ya Jumapili na kilemba chake. Marehemu akaahidi: baada ya mavuno. Na nyie mnajua, baada ya mavuno huja kupanda, na baada ya kupanda huja mavuno mengine. Aliwachora wafyekaji wa majani, wachunga mbuzi, wasuka vikapu. Alimchora hata baba mdogo Gaspard, hajanyoa, naye Gaspard akajisifu nayo baa zote mpaka La Châtre. Leo picha za marehemu ziko Bourges na hata ng'ambo ya bahari, na hakuna kijiji jirani kinachoweza kutuambia kitu. Lakini sisi wa nyumbani tuliona kilichomkera. Mtu ambaye marehemu alitamani kuliko wote kumchora tena akiwa kazini alikuwa akimpita kila siku na ndoo ya maziwa, na marehemu hakuthubutu kugusa kalamu.

Majira ya baridi ya mwaka 1879 alianza kukohoa, na vidole vikavimba. Mwaka jana, viazi vilipokwisha kuingizwa ghalani, alisema, "Sidonie, mavuno yamekwisha. Vaa."

Alivaa. Kilemba alikipiga pasi mara mbili. Alikaa karibu na dirisha, na marehemu akajifunga brashi mkononi kwa kitambaa, kwa kuwa vidole havikushika. Alimaliza siku chache kabla ya Krismasi. Shela ya hariri ipo, msalaba wa dhahabu upo. Bibi Sidonie aliitazama kwa muda mrefu.

"Mikono yangu hujaificha."

"Ningeificha, nisingejua nani amekaa pale."

Akacheka, jamani, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaitundika juu ya meko, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione.

Évariste Challandre alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 3 Machi 1881, kitandani mwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Leo asubuhi Aurélie alimpelekea mama yake gauni jeusi. Akamkuta amefungua sanduku la harusi, anatoa aproni chini kabisa.

"Mama, si uliichoma?"

"Nilimwambia baba yako nimeichoma."

"Utaivaa mbele ya wageni wa Paris? Watasema nini?"

"Waseme. Wao ndio wa kwanza kuiona pichani. Baba yako alinichora nilivyotaka mimi, na mkono umefungwa kitambaa. Leo namvalia alivyotaka yeye."

Marehemu ameacha mjane, Sidonie, mwanawe Firmin na bintiye Aurélie, wajukuu watano, dada yake Pétronille, ambaye ni mama yangu, na baba yake mdogo, mzee Gaspard, ambaye leo hakunyoa ndevu, na amenituma niwatangazie kwamba hakunyoa makusudi.

Mjomba, inua macho mara moja tu kabla hujapumzika. Sidonie amekuja na kiraka chake. Sasa pumzika kwa amani katika udongo huu uliotuchafua sote, na ambao wewe hukuuonea haya.