Bahati ya Kujiandikia

Kwenye basi la kampuni ya Shiling, Dainess alijifanya amelala ili asikie vizuri mazungumzo ya abiria wenzake. Kiti cha mbele yake, mzee mmoja wa Tanga alikuwa akivunja biskuti za sampuli, zile zenye kikaratasi cha bahati ndani. Vikaratasi vyote viliandikwa: "Maneno ya mteja yakae hapa."

"Kumbe bahati yenyewe mtu unajiandikia!" alicheka mama aliyekaa naye.

"Ni za harusi ya binti yangu Nahla. Kiwanda kinataka maneno leo."

"Shika kalamu, mzee wangu. Andika, 'Baba yuko njiani.'"

"Hayo keshayasikia miaka sita. Siku hizi haulizi tena nitafika lini."

Basi likasimama. Mzee akashuka na makombo kwenye nguo, na kalamu ya yule mama mkononi. Mama hakuidai.