Revelian Rutakwa, Mwamuzi Aliyengoja Kuulizwa

Ndugu waombolezaji, tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 4 Agosti 1956, alizaliwa tarehe 14 Mei 1911 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa pili wa mzee Alfonsi Rutakwa. Mama yake alisimuliaga kwamba alitoka tumboni kimya, akamtazama mkunga, na hakulia mpaka alipofinywa. Ndivyo alivyoendelea.

Alisoma shule ya misheni, akapata cheti cha ualimu mwaka 1931. Tarehe 22 Juni 1935 alifunga ndoa na Jovina, mama yangu mdogo, ambaye anasema posa ilichelewa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyemuuliza marehemu kama ana mchumba.

Mwaka 1947 alihamishiwa upande wa Musoma. Huko padri mmoja Mmarekani alimfundisha softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Wenzake walipenda gongo. Marehemu alipenda kanuni, na moja kuliko zote: mkimbiaji akiruka kituo cha kwanza bila kukikanyaga, mwamuzi aliyemwona hasemi neno. Timu pinzani ndiyo ikate rufaa, itaje mkimbiaji na kituo, kabla mpira mwingine haujarushwa. Mpira ukisharushwa tena, basi, kosa limehalalika.

Mwaka 1950 alihamia Temeke, akawa karani wa ghala bandarini, na Jumamosi mwamuzi wa uwanja wetu wenye vituo vya magunia ya mchanga. Tarehe 26 Desemba 1953 Gaspar wa timu ya makarani alipiga mpira ukapotelea vichakani, akazunguka akishangiliwa, wakashinda. Jioni marehemu alimwambia Albano, kapteni wa walimu walioshindwa, kwamba Gaspar alipita kando ya kituo cha kwanza kwa shibiri nzima.

"Na ulinyamaza?" Albano akauliza.

"Hukuniuliza, bwana. Mwamuzi haanzi."

Tulicheka mwezi mzima. Laiti tungeogopa.

Januari mwaka huu alianza kukohoa, akaenda hospitali peke yake, akarudi na kikombe kipya cha bati. Hakuna aliyekigusa ila yeye. Machi alihamishia godoro barazani, akasema ndani kuna joto. Aprili alikataa kumbeba mjukuu. Mie, kwa ulimi wangu huu, nikampachika jina la Gavana wa Barazani, na nyumba nzima ikacheka, yeye pia, mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Tuliona yote. Mama mdogo alimuuliza kama amekula, kama amenuna, kama kuna mwanamke mwingine. Alijibu kila swali kwa ukweli: amekula, hakununa, hakuna.

Mwanzoni mwa Julai Albano alikuja kumjulia hali, akatazama kikombe, akatazama godoro, akamvuta mama mdogo kando.

"Shemeji, huyu usimzunguke. Taja mkimbiaji, onyesha kituo."

Mama mdogo akakiweka kikombe mbele ya mumewe. "Revelian, hiki kinatutenga na ugonjwa gani?"

"Kifua kikuu," akasema. "Tangu Januari."

Hakumuuliza mbona alinyamaza. Jibu tulilijua sote. Alilazwa tarehe 9 Julai. Daktari alisema sindano zipo, na zingefaa zaidi miezi sita nyuma. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Agosti, saa nne asubuhi.

Alikuwa mtu wa haki. Hakumpendelea mtu hata siku moja, wala yeye mwenyewe. Lakini kanuni ya uwanjani aliileta nyumbani, nasi tukaichezea.

Jana, nikiosha vyombo vya matanga, niliona vikombe vya bati viwili dirishani. Kimoja nilikijua. Nikamfuata mama mdogo jikoni.

"Mama mdogo, kile cha pili ni cha nani, na tangu lini?"

Alifuta mikono kwa kanga. Kisha akasema, "Changu. Tangu Jumapili." Akanishika mkono. "Umewahi, mwanangu."

Jumatatu asubuhi nampeleka hospitali. Yeye mwenyewe ameruhusu jambo hili lisomwe hapa, ili mwenye kikombe chake nyumbani aulizwe leo.

Marehemu ameacha mjane, Jovina. Watoto wawili, Demetria na Projestus. Mjukuu mmoja ambaye hakumbeba. Na sisi tuliokuwa tukicheka.

Mungu ampe pumziko jema, Mwalimu wetu. Nasi tuulizane, kabla mpira mwingine haujarushwa.