Benedetta Akiteng na Matabaka Matano ya Mtu

Wasikilizaji wapendwa, kutoka Malaba, Amagoro hadi Bukhayo, leo tunamkumbuka Benedetta Akiteng, mwalimu wa yoga. Nimekasirika, na sitaficha.

Benedetta alizaliwa Amagoro. Alikuwa wakala wa forodha hapa Malaba mpaka mgongo ukamlaza. Daktari mmoja kule Kampala akamfundisha yoga. Mgongo ukapona. Akarudi, akakodi chumba karibu na soko, akaanza kufundisha.

Wa kwanza kuja alikuwa Naliaka, mjane anayeuza dagaa wa omena. Kifua kilimbana tangu amzike mumewe. Naliaka anasema: "Aliniambia, mama, mtu ana matabaka matano. Huku nje ni mwili, huu wa kula ugali. Ndani yake kuna pumzi. Ndani ya pumzi, mawazo. Halafu utambuzi. Kule ndani kabisa ni furaha. Yako haijakufa, imefunikwa tu. Tuanze na pumzi." Naliaka akavuta pumzi, akalia sana. Siku hiyo alipata usingizi.

Matabaka matano, wasikilizaji. Basi. Lakini kaka yake Benedetta, Ojakol, mzee wa kanisa, alisema hayo ni majini matano. Alikuja na watu mchana kweupe, wakatupa mikeka ya yoga barabarani, malori yakaikanyaga. Benedetta akafundisha kwenye sakafu tupu.

Kisha akashikwa na saratani. Ojakol alifika hospitalini, na si kumjulia hali. "Kana hiyo yoga, ama hatukuziki nyumbani!"

Naliaka alikuwa hapo, akimnywesha uji. Anasema Benedetta alicheka kidogo. "Kaka, mwili wa chakula ndio huu, unaisha. Huu unaweza kuunyima kaburi. Hayo mengine mkono wako hauyafikii."

Hakukana. Alipofariki, Ojakol alifunga geti la boma la baba yao. Jeneza likakaa nje juani. Ndipo mama yao mzazi, Mama Ongodia, akatoka nyumbani, akasimama mbele ya Ojakol.

"Huyu nimemzaa mimi. Fungua, ama mnizike naye huko barabarani."

Geti likafunguliwa. Mhubiri hakuja. Naliaka ndiye aliyeomba.

Pole sana, Mama Ongodia. Pole Naliaka, na wanafunzi wote wa Benedetta. Nasi wengine, leo kila mtu ajiulize ni nani amemhukumu bila hata kukanyaga mlangoni pake.

Ojakol ametuma rambirambi nizisome hapa. Sizisomi. Mama yake anaishi boma hilohilo. Aende amwambie yeye.