Kwa Nini Simba Mzee Hukaa Peke Yake

Jamani, habari za hapa. Sogeeni kivulini, na wewe mwenye redio izime kidogo, nina kisa cha leo asubuhi na bado ni kibichi. Mnalijua lile benchi la kahawa linalotazamana na duka la kinyozi. Kinyozi ana televisheni inayoonyesha wanyama wa porini kutwa nzima, ila sauti hafungulii, maana simba akinguruma mteja hushtuka, na wembe uko shingoni. Kwa hiyo benchi limetazama miaka nenda miaka rudi kupitia dirishani, na maneno likajitungia lenyewe. Chini ya picha hupita maandishi, lakini msomaji amepatikana mwaka huu tu: mzee mmoja dobi, jina la kijiweni Pasi, aliyeingia darasa la jioni akiwa tayari ni babu. Anasoma sasa. Polepole, na maandishi humkimbia kabla hajafika mwisho, lakini anasoma.

Leo Pasi alikuwa na jambo zito. Tangu mkewe afariki anaishi peke yake kwenye chumba kilicho nyuma ya meza yake ya kazi, hapo hapo kando ya benchi. Majuzi binti yake alimwandikia ujumbe: "Baba, njoo ukae nasi. Chumba kipo. Jumamosi nakuja na gari." Aliusoma mwenyewe bila kuomba msaada wa mtu, akaurudia na kuurudia mpaka simu ikapata joto mkononi. Jumamosi yenyewe ndiyo leo, na jibu hajatoa. Benchi zima linajua.

Kwenye televisheni akatokea simba dume mzee, manyoya ya shingoni yamenyonyoka, kalala chini ya kichaka.

Bi Buli, mwenye kahawa yake, akasema: Pasi, tusomee.

Pasi akaliweka pasi la mkaa kwenye kigae, akakaza macho, kidole kikifuata hewani.

Pasi: "Simba huyu mzee... hukaa peke yake... kwa sababu..."

Kidole kikaishia hapo.

Breki, fundi baiskeli: Kwa sababu nini?

Pasi: Yamepita, bwana. Sasa yanasema habari za mvua.

Breki: Wewe nawe! Tunangoja utamu, unatupa ganda.

Pasi: Inua wewe kidole basi, usome.

Breki akarudia kahawa yake. Kusoma kwake kunaishia kwenye namba za matairi.

Hapo akadakia Waziri. Huyu ni mlinzi mstaafu, waziri asiye na wizara, anayetoa ushauri hata kwa paka.

Waziri: Sababu iko wazi. Simba mzee amepata hekima. Kelele za watoto, ugomvi wa majike, vyote kavipa kisogo. Mnaona alivyotulia? Furaha ndiyo ile. Wahenga walisema, umoja ni nguvu.

Bi Buli: Umoja na huyo aliye peke yake wapi na wapi?

Waziri: Si yuko mmoja? Basi ndiyo umoja.

Pasi akalichukua pasi, akaendelea na kola ya shati. Hekima. Neno hilo lilimkaa vizuri kifuani. Akajiona amelala chini ya kichaka chake, hamtegemei mtu.

Breki: Tena usiishie kwa simba. Mtazame kasa. Anataga mayai, anafukia, anaondoka zake. Mwanawe hamjui kwa sura wala kwa jina. Na kasa anaishi umri mrefu kuliko sisi sote. Anayeishi hivyo hana shida moyoni.

Bi Buli: Kasa analia wakati wa kutaga. Nimeona humohumo dirishani, machozi yanamtoka.

Breki: Huo mchanga umemwingia machoni.

Bi Buli: Na wewe ulipomsindikiza kijana wako stendi, ulikuwa mchanga?

Breki: Lilikuwa vumbi. Mada ni Pasi, usinitoe barabarani.

Pasi akamtazama Bi Buli, akaigeuza kola upande wa pili.

Waziri: Mimi nasema hivi. Mzazi akihamia kwa mtoto anapungua. Mmeona tembo dume? Akishakomaa harudi kwa mama yake. Angerudi, mkonga ungemfupika.

Bi Buli: Umeupima?

Waziri: Mambo ya wazi hayapimwi. Na kiboko je? Anakaa majini kwa sababu nchi kavu ana mashemeji.

Breki: Hapo umesema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pasi atapewa jembe na mkwewe kabla hajavua viatu.

Pasi: Mkwe wangu hana shamba. Anashona makochi.

Breki: Basi utapewa sindano.

Wakacheka. Pasi naye akacheka, ila wakati huo akapata kuliona jambo alilokuwa halioni. Hakuna hata mnyama mmoja leo aliyekwenda kuishi na wanawe. Wote, kuanzia simba hadi kiboko, walikuwa wanamwambia Pasi abaki. Akaitazama kahawa iliyomiminwa mbele yake bila yeye kuomba, akaelewa.

Pasi: Semeni kweli. Mnamsemea simba, au mnajisemea?

Waziri akakohoa.

Waziri: Sisi? Sisi tunazungumzia elimu ya wanyama.

Breki, kwa sauti ndogo: Ukiondoka nani atatusomea?

Wakati huo alikuwa amekwishafika mama mmoja, mgeni mtaani, kuchukua sare za wanawe. Alisimama na mfuko wake, akasikiliza, akamtazama simba dirishani.

Mama: Samahani, wazee wangu. Huyo simba aliitwa akakataa, au hakuitwa?

Waziri akamgeukia Breki, Breki akamgeukia Pasi, Pasi akaigeukia televisheni, na humo walikuwa wanapita nyumbu. Bi Buli akainua buli lake amimine, likatoa masimbi matupu ya kahawa.

Pasi akamkunjia mama sare zake taratibu, mkono juu ya mkono, ukosi juu ya ukosi, akampa. Kisha akafungua pasi, akamwaga makaa kwenye mchanga, saa nne hii ya asubuhi, nguo nyingine hazijaguswa.

Waziri: Pasi, makaa bado yana moto.

Pasi: Najua. Nimeyawasha mwenyewe.

Breki: Na nguo za watu?

Pasi: Nitazimalizia huko, zitaletwa. Kwa binti yangu nako watu wanavaa.

Breki: Na maandishi?

Pasi: Darasa la jioni halijafungwa, mdogo wangu. Mwalimu ni mpole. Utaanza kwa aibu, kama mimi, halafu aibu itachoka.

Akatoa simu, akaandika, kidole kimoja, ulimi nje kidogo kama mtoto. Alipomaliza akausoma tena ujumbe wake kwa sauti, kila neno mpaka la mwisho, na hakuna aliyemharakisha: "Njoo mwanangu. Nakusubiri mlangoni."

Haya, mimi naondoka. Gari limeshafika, nimeisikia honi yake, na godoro la Pasi halibebwi na binti peke yake. Nilindieni nafasi yangu hapa kivulini. Nitarudi mikono ikiwa mitupu, na natumaini mtakuwa hamjamaliza kubishana juu ya kasa.