Pikipiki Iliyotuaibisha Mlimani

Sogeeni, wanangu. Noel, kaa hapo miguuni. Anitha, niwekee mto mgongoni, pumzi haipandi nikilala chali. Nisikilizeni nikiwa bado na sauti, maana mimi baba yenu Marseli siogopi kufa kama ninavyoogopa kuondoka na aibu iliyo kifuani mwangu.

Mali yangu mnaijua. Shamba la juu ni la Anitha, na asije mtu akawaambia mtoto wa kike harithi. La bondeni ni la Noel, pamoja na pikipiki. Nyumba ni ya mama yenu mpaka siku yake. Lakini yule ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na ndama wake, si wetu, msiwahesabu.

Anitha, wewe ulikuwa kwa mumeo, hukuyaona haya. Kiangazi cha mwaka juzi ng'ombe wa Parmuat, yule mfugaji wa Kakesio, waliingia kwenye mahindi yetu. Wazee walikaa, akatoa mbuzi wa fidia, yakaisha. Mimi nikamzuia mtamba wake mmoja, huyo huyo mwekundu, eti hasira yangu haijatulia. Alikuja kumwomba kwa adabu, akarudi tena, nami nikamfungia lango. Mtamba akakua, akazaa zizini mwangu, nikanyamaza.

Mwezi uliopita nilipozidiwa, Noel alitoa pikipiki yangu kuukuu ghalani, ilikokaa tangu nianze kuugua, akanipakia kwenda hospitali Karatu. Kwenye tambarare ilijikokota; tulipoanza kupanda mlima ikaishiwa nguvu kabisa, ukivuta mafuta inakaba badala ya kuunguruma, hata gia ya kwanza ikaishinda. Noel akasafisha plagi, wapi. Akafungua chujio la hewa, akalikuta safi. Akamimina mafuta kiganjani, akanusa, akasema hayana maji. Watu waliotoka mnadani wakatuzunguka, na katikati yao nikamwona Parmuat akishuka na fimbo yake. Ulimi ukanitangulia.

"Ni wewe!" nikapiga kelele. "Juzi tu ulikuwa langoni kwangu. Umetia kitu kwenye pikipiki yangu kwa ajili ya mtamba wako. Mchawi wewe!"

Wanangu, mnajua neno hilo linachoweza kumfanyia mtu huku kwetu. Nimelisema mimi, mzee wa kanisa, mbele ya watu.

Parmuat aliweka fimbo chini, akainama kwenye pikipiki. Alimwambia Noel, "Washa, tuisikilize." Akaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi, akakaa hivyo kitambo. "Haipumui," akasema. "Legeza bomba hapa kwenye injini, uwashe tena." Noel akalegeza nati, akawasha, na pikipiki ikanguruma hata mbuzi wakatawanyika. Kumbe nguvu zilikuwepo, moshi ndio uliokosa njia. Wakalivua bomba, Parmuat akaingiza waya, akavuta nje nyuzi za gunia zilizoungua nusu, mabua, na punje za mahindi yetu wenyewe. Panya wa ghala letu alijenga kiota humo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifuta masizi mikononi kwa nyasi, akasubiri bomba lirudishwe, kisha akaninyanyua, mimi niliyemwita mchawi, akaniketisha kwenye kiti kama mtu anavyomketisha baba yake. "Endesha polepole," akamwambia Noel, "mzee asirushwerushwe." Nami nikaondoka bila hata kusema ahsante. Wewe nawe Noel ulinyamaza. Sikulaumu, mimi ndiye niliyekulea unyamaze ninapokosea. Usiwalee hivyo wanao.

Daktari alinieleza ugonjwa wangu, sikusikia hata nusu. Masikioni mlikuwa na kile kicheko. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona.

Subirini... nipumzike kidogo.

Ng'ombe na ndama waondoke leo, Noel uwaswage mwenyewe mpaka kwake. Mipaka ya shamba msigombanie; atakayesogeza jiwe hana radhi yangu. Mama yenu asilale na njaa. Nilikusudia kukutuma, Noel, ukaniombee radhi kwa Parmuat nikishazikwa, lakini nimeona huo nao ni woga. Mdomo uliotukana ndio unaopaswa kuomba. Ndiyo maana nikasema umpigie simu, na majirani nao waje wasikie.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto watakaowaambia ukweli. Nimewabariki... wote wawili... na walio tumboni bado.

Maji, Anitha. Kidogo tu. Basi.

Hiyo ni sauti ya Parmuat uani, anamsalimia mama yenu. Noel, shika kwapa hili. Anitha, wewe shika lile. Niinueni. Nivalisheni koti. Maneno haya siwezi... siwezi kumwambia nimelala. Sasa fungua mlango.