Aliyetetea Nyayo za Mwezini: Mhandisi Roselyne Chepngetich, 1979–2026

Mhandisi Roselyne Chepngetich, tunayemlaza leo hapa Scarborough, Toronto, kwa mioyo mizito, alizaliwa tarehe 12 Machi 1979 huko Mosoriot, Nandi. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kimutai arap Sang na Mama Tapsabei. Alizaliwa asubuhi, ng'ombe wakitolewa kwenda malishoni, ndipo akaitwa Chepngetich. Mama yake husema mtoto huyo alitoka na ng'ombe wale na hakukaa nyumbani tena.

Alisoma shule ya msingi Mosoriot na sekondari mjini Eldoret, ambako walimu wa fizikia walichoshwa na maswali yake. Mwaka 1999 alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea uhandisi wa mitambo. Alikuja Toronto mwaka 2006 kwa shahada ya uzamili, akiwa na sweta moja ambalo mdogo wake Jepchirchir, anayesoma wasifu huu, alimfumia bila kujua baridi ya huku ikoje.

Tarehe 17 Julai 2010 alifunga ndoa na Bw. Nyakundi, muuguzi, aliyekutana naye kwenye ibada ya Kiswahili North York. Walihamia Agincourt, na mwaka 2014 wakajaliwa binti, Kwamboka, aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba. Theluji ikianguka, marehemu alikataza mtu yeyote kuikanyaga iliyo mbele ya nyumba. Wageni wa Jumapili, mchungaji akiwemo, walipita wakijibana ukutani. Mumewe alipomtania, "Mama Kwamboka, hii ni nyumba ama ni makumbusho?" alicheka, kisha akaelekeza mgeni anayefuata ukutani vilevile.

Kazi yake ilikuwa katika kampuni ya Scarborough inayotengeneza sehemu za vyombo vya kwenda mwezini. Miaka ya karibuni nchi nyingi zina programu zao za mwezi, na mojawapo, ambayo tumeombwa tusiitaje, iliipa kampuni hiyo kazi. Chombo chao kilipangiwa kutua karibu na pahali walipotua watu zaidi ya miaka hamsini iliyopita, ili gari dogo likapige filamu pale. Nyayo za watu wale bado zipo, kwa kuwa mwezini hakuna upepo wala mvua. Marehemu aliwaambia wakubwa wake kwamba injini ya chombo kinachotua hurusha vumbi mbali sana kwa kasi ya kutisha, na vumbi hilo litazikwangua. Aliomba chombo kisogezwe, kitue nyuma ya kilima. Wakamjibu kwamba nyuma ya kilima hakuna cha kuwaonyesha watazamaji.

Mwaka 2022, siku ya familia kutembelea kazini, alimwambia Kwamboka akanyage sinia la vumbi lililotengenezwa lifanane na la mwezini. Alilitia ndani ya tangi, hewa ikatolewa, kisha akafyatua gesi kidogo tu, kwa mbali. Alama ya mguu ikatoweka. Kwamboka akaangua kilio: "Mum, but you said haiwezi kufutika!"

"Nilisema haifutiki kama hakuna anayerudi karibu nayo," mama yake akamjibu.

Wakubwa walitazama, wakamsifu kwa onyesho zuri, wakaendelea na mpango wao. Mfanyakazi mwenzake, Bw. Rameez, alimuuliza kwa nini suala hili linamuumiza hivyo. Alimweleza kwamba shamba la kwao lilipouzwa, mwenye shamba mpya alilima mpaka juu ya kaburi la baba yao. Alikwenda likizo akakuta mahindi, na mpaka leo hakuna ajuaye mzee amelala wapi hasa. "Hakuwa na nia mbaya," alisema. "Alikuwa analima tu. Na hawa wanatua tu."

Septemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa ujasiri ambao sisi wengine hatukuwa nao, na kati ya dawa na dawa aliendelea kuwaandikia wakubwa wa ile programu. Hofu yake haikuwa kufa. Ilikuwa kufa kabla hawajamjibu.

Walimjibu. Jumamosi tarehe 7 Februari 2026, Bw. Rameez alikuja wodini, akasimama mlangoni, akashindwa kuanza.

"Sema, ndugu yangu. Wamekataa?"

"Wamekataa, dada. Kitatua palepale."

Tulidhani atalia, au atakasirika. Sisi tulikuwa tumeshakasirika. Yeye akasema, "Basi waambie wapige picha vizuri wakiwa bado juu. Kabla hawajawasha injini za kutua."

Bw. Rameez aliandika maneno hayo kwenye simu yake huku machozi yakimtoka. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 10 Februari, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Bw. Nyakundi, binti, Kwamboka, mdogo wake, Jepchirchir, na mama yake, Mama Tapsabei, anayefuata mazishi haya kwa simu kutoka Mosoriot na ambaye ametuomba tusikate hata tukimaliza. Tumeambiwa chombo kitatua mwakani. Roselyne wetu na apumzike kwa amani, siku hiyo na baada yake.